Sentensi Alizoandika Juliana

Bashay, Mbulu
6 Aprili 2025

Mjukuu wangu Oliva,

Nimewaficha ninyi nyote sababu ya mimi kuacha kufundisha Kiingereza. Mama yako aliambiwa ni macho. Mwalimu mkuu wangu wa wakati ule aliambiwa ni kifua. Bibi yako Marieta, dada yangu wa tumbo moja, ambaye alistahili kuambiwa kabla ya watu wote, sikumwambia kitu, naye hakuniuliza. Hayakuwa macho wala kifua. Lilikuwa zoezi moja la Kiingereza la mwanafunzi mmoja.

Basi, nimeanza. Kama nitamaliza sijui, kwa maana hata sasa nikiandika haya nageuka kutazama mlango, na masikio yangu ni mafu, mtu anaweza kuingia akasimama nyuma yangu nisijue.

U hali gani huko Dirma? Goti la bibi yako linaendeleaje na baridi hii? Mimi moyo umevimba. Daktari alinionyesha kwenye picha akasema nisilale chali tena, kwa hiyo nalala nimekaa kama kuku. Nikisinzia nashtuka nikidhani pumzi imekwisha.

Umeniomba mazoezi ya sarufi na alama za uandishi kwa watoto wako wa kidato cha pili. Watoe nje. Mmoja asome kwa sauti, wengine watembee uwanjani. Penye koma wapunguze mwendo. Penye nukta wasimame kabisa, hata kama mguu mmoja uko juu. Penye alama ya kuuliza wageuze shingo. Mtoto aliyesimama kwa miguu yake mwenyewe haisahau nukta. Ukishafanya hivyo, warudi ndani waandike.

Lakini sentensi zitunge wewe. Mbwa alibweka. Mama alinunua vitunguu, chumvi na kiberiti. Za namna hiyo. Usiwape zoezi la kuandika mambo ya nyumbani kwao. Nakusihi, mjukuu wangu. Sababu nitakueleza nikipata nguvu.

Barua hii anakuletea Bashiri, muuza vitenge wa Katesh anayezunguka minada. Alinipigia kelele sikioni, "Mzee, dunia yote inatuma kwa simu, wewe unanituma mimi!" Nikamjibu kwamba simu hunisemea kwenye sikio lililokufa, na yale maandishi yake madogo yanameremeta, siyaoni. Karatasi naisoma kwa kioo changu cha kukuzia. Alicheka, lakini ameichukua.

Ni mimi babu yako,
Baltazar


Dirma, Hanang
27 Aprili 2025

Babu, shikamoo.

Barua yako niliipokea kwa furaha, kisha nikaisoma tena nikaingiwa na hofu. Pole sana kwa moyo. Bibi Marieta anakusalimu. Goti linamsumbua asubuhi, jua likipanda anatembea hadi kwenye mahindi. Nilipomwambia umeandika kuhusu Kiingereza, alisema, "Kaka amekumbuka Kiingereza?" akaendelea kuchambua maharage.

Zoezi la kutembea limewafurahisha mno! Yupo kijana anaitwa Sulle, mcheshi wa darasa, alisimama akaniambia, "Madam, umesema koma ni mahali pa kupumulia. Mimi nina pumu, niweke ngapi?" Walicheka hadi mkuu wa shule akatoa kichwa dirishani akauliza, "Mwalimu Oliva, hicho ni Kiingereza au gwaride?" Lakini babu, kwa mara ya kwanza nimesahihisha madaftari nikaona nukta.

Sasa nisamehe. Barua yako ilinifikia nikiwa nimeshawapa lile ulilonikataza. Niliwaambia waandike sentensi tano za wakati ujao kuhusu nyumbani, zenye koma na nukta. Wengi waliandika mambo ya kuvuna na kuchunga. Philomena, binti mkimya wa Mzee Tadei, ndiye anayeandika Kiingereza kizuri kuliko wote. Nakuandikia zake kwa Kiswahili:

Likizo ya mwezi wa sita ikifika, sitarudi shuleni. Baba, mjomba na wazee wawili watanipeleka Basotu, kwa mwanamume aliyefiwa na mke. Mama atalia, lakini atapika pombe. Mdogo wangu ataniuliza kama ninaogopa. Nitamwambia hapana.

Koma zote zilikuwa mahali pake. Nilibaki na kalamu nyekundu hewani.

Nilimwita nikamuuliza, "Philomena, haya ni ya kweli?" Akasema, "Ni zoezi tu, madam." Alipofika mlangoni akageuka. "Madam, nyumbani hawajui Kiingereza." Akaondoka. Nimewaza maneno yale siku nzima. Nadhani alikuwa anaona aibu kwamba hana wa kumsaidia.

Tarehe ishirini na tatu Mei, siku ya Ijumaa, ni siku ya wazazi. Unazijua hizo siku. Madaftari hupangwa mezani, na kila mwalimu humsomea mzazi kazi nzuri ya mtoto wake na kumtafsiria, ili mzazi aone matunda. Mimi nimewaza hivi: Mzee Tadei si mtu mbaya. Alibeba mawe ya maabara kwa mkokoteni wake mwenyewe. Anacheka na watu. Nikikaa naye pembeni nikamsomea sentensi hizi kwa upole, akasikia sauti ya mwanawe, nadhani moyo wake utalainika. Baba gani asikie maneno yale asilie?

Unaonaje, babu? Wewe umefundisha maisha yako yote.

Mjukuu wako anayekupenda,
Oliva


Bashay
4 Mei 2025

Oliva,

Usimsomee. Nimeanza na hilo, salamu zitafuata. Usimsomee Tadei sentensi hata moja, si mezani wala pembeni, si kwa upole wala kwa ukali. Daftari hilo litoe shuleni, lifungie sandukuni kwako.

Sasa nakusalimu. Nimeshinda siku mbili bila kula tangu Bashiri alipoleta barua yako. Mkono unatetemeka, utaona maandishi yangu yalivyo. Nilizoea kuwachapa watoto kwa mwandiko wa namna hii.

Nitakueleza kisa cha Juliana. Hukuwahi kulisikia jina hilo kwa bibi yako, kwa sababu hulimeza. Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana hapa Bashay, nikifundisha Kiingereza darasa la saba. Marieta alikuwa mwanafunzi wangu, na Juliana binti Safari alikuwa rafiki yake. Walikuwa wasichana wakubwa. Wakati ule watu walianza shule wamechelewa. Juliana alikuwa na akili ya lugha ambayo sijaiona tena mpaka uliponiandikia za huyu Philomena. Niliwapa zoezi la sentensi za nyumbani. Yeye akaandika kwamba alikuwa mjamzito. Kijana mwenyewe alikuwa amekwenda Arusha kutafuta kazi, harudi.

Nililisahihisha zoezi lile. Nikamwandikia chini yake, vizuri sana.

Ninyi wa leo hamjui ilivyokuwa. Binti aliyeshika mimba kabla ya kuolewa hakupigwa. Aliondolewa. Wazee waliamini kwamba akizalia ndani ya eneo letu, mkosi utaingia kwa ng'ombe, kwa mvua na kwa watoto wa majirani. Basi hakuna aliyempa kaa la moto, hakuna aliyeteka naye maji, njia aliyopita watu waliikwepa. Kanisa lilikuwa limeshalikataza jambo hilo, na watu wengi walikuwa wameliacha, lakini Safari alikuwa wa zamani. Alipojua, kabla jua halijazama Juliana alikuwa ameshavuka mto na ngozi moja ya kulalia.

Usiniulize alijuaje.

Marieta alimfuata. Kila siku alibeba makaa ndani ya kigae cha chungu, chini ya kanga, akampelekea rafiki yake ng'ambo ile. Aliungua hapa kifuani, kovu lipo, nenda ukamuulize. Ndipo watu walipomwona. Wakasema, kumbe huyu alikuwa anajua siri tangu mwanzo, basi ndiye aliyeitoa, na sasa dhamiri inamsumbua. Mvua ya masika ilipovimbisha mto, Marieta hakuweza kuvuka. Maji yalipopungua wachungaji walimkuta Juliana amekufa, na mtoto amekufa. Hapakuwa na moto.

Mama yake Juliana alikuja uani kwetu, akasimama mbali, akamwambia Marieta, "Wewe ulikula naye, ukamuuza." Tangu siku hiyo Marieta hakuomba moto kwa jirani yeyote. Aliolewa mbali, huko Hanang, kwa sababu hapa hakuna mama aliyemtaka kwa mwanawe.

Wewe unasema baba gani asikie asilie. Safari alilia, Oliva. Alilia akimfungia binti yake ile ngozi.

Nimechoka. Fanya nilivyosema.

Babu yako,
Baltazar


Dirma
14 Mei 2025

Babu, shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa umeanza kula. Nakuomba ule, hata uji.

Nimelia kwa ajili ya Juliana. Lakini sikuweza kufanya ulivyosema, na ni lazima nikuambie ukweli.

Madaftari hayapo tena mikononi mwangu. Mkuu aliyakusanya yote wiki iliyopita kwa ajili ya maonyesho, akalisoma la Philomena. Aliniita ofisini. "Mwalimu Oliva, umeyaona haya?" Nikasema nimeyaona. "Ukanyamaza?" Nikamweleza kwa kifupi kwamba mzee wangu wa Bashay amenikataza kumwambia baba. Akasema, "Wazee wa Bashay wana hofu za wazee wa Bashay. Siri ndizo zinazoua watoto, si maneno. Tadei ni mjumbe wa bodi, ni mtu wetu. Ijumaa ile tutamkalisha mimi na wewe, utamsomea na kumtafsiria, tutaongea kama watu wazima."

Na babu, naona kama ana haki. Usinikasirikie. Kisa chako chenyewe kinamuunga mkono. Bila shaka Juliana aliharibikiwa kwa umbea, kwa maneno ya kisimani, baba akayasikia njiani yakiwa yameshaongezwa chumvi. Kama mwalimu wake angemkalisha mzee yule kwa heshima akamweleza, huenda asingemfukuza. Sisi tutafanya kwa heshima. Hiyo ndiyo tofauti.

Philomena hanitazami tena. Jana tulikuwa tunafanya mazoezi ya alama za kunukuu, nikamwomba atoe mfano. Alisimama, akakaa. Sulle akamtania, "Bibi harusi wa Kiingereza amekosa maneno." Sijui Sulle alisikia wapi.

Usiku ule nilimweleza Bibi yote, na ya barua yako pia. Alikuwa anakula ugali. Alisukuma sahani, akanawa mkono. Kisha akasema, "Muulize kaka yangu, baba yake Juliana alijuaje. Watu wote wamenijibia swali hilo tangu nikiwa msichana. Mimi mwenyewe sijui hadi leo." Akafungua kanga akanionyesha lile kovu. Sikuwa nimeliona kamwe.

Basi ninakuuliza, babu, ingawa umenikataza. Safari alijuaje? Kama alisikia kwa umbea, nitamsomea Tadei Ijumaa na Mungu atusaidie. Kama kuna sababu nyingine ya kunikataza, niandikie. Bila sababu siwezi kumpinga mkuu wa shule kwa neno la "babu amesema". Bashiri atakuwa mnada wa Mbulu kabla ya siku ya wazazi, na ameniahidi kufika Bashay kwanza, na akirudi atapita hapa kabla ya Ijumaa.

Nakusubiri. Naogopa, babu.

Mjukuu wako,
Oliva


Bashay
20 Mei 2025

Mjukuu wangu Oliva,

Salamu nyingi kwako na kwa Marieta. Bashiri amekaa hapa mlangoni, anakunywa chai, ananitazama nikiandika. Nimemwambia asubiri hata jua likizama. Amesema, "Mzee, leo hata ukiandika kitabu, nakaa." Nafikiri ameona uso wangu.

Hali yangu si nzuri. Miguu imejaa maji. Ninaogopa kufa, sitakudanganya, lakini leo ninaogopa zaidi kwamba nitakufa baada ya Ijumaa na si kabla, nikaishi kusikia mlichofanya.

Kwanza ya Philomena. Alikuambia nyumbani hawajui Kiingereza. Wewe ulidhani anaona aibu. Mwanangu, alikuwa anakueleza kwa nini aliyaandika huko. Kiiraqw wanakijua wote. Kiswahili baba yake anakisema bodini. Kwa kalamu amepata chumba kimoja tu chenye mlango, na ufunguo amekupa wewe. Usimpe mwingine. Muulize yeye mwenyewe anataka nani aambiwe. Akikubali, nenda naye Katesh kwa afisa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia la polisi, kabla ya Ijumaa, na Tadei ajue baadaye, mtoto akiwa mahali salama. Mkuu wako si mtu mbaya. Mwonyeshe barua hii. Mwambie yule mzee mwenye hofu za Bashay amezieleza zinatoka wapi.

Pili, barua hii msomee Marieta. Yote, usiruke. Akitaka kuwasomea watu wa kanisani, awasomee. Akitaka kuja kunitemea mate, aje upesi.

Ninaweka sahihi yangu hapa katikati, kabla ya linalofuata, mkono usije ukanikatalia mwishoni.

Babu yako, na kaka yake Marieta,
Baltazar

Hakuna umbea uliomfikia Safari. Marieta hakusema neno. Hakuna mtu kisimani aliyejua. Waliojua ni wachache, nao walinifichia: Safari kwa aibu, walimu wenzangu kwa kunionea huruma, na Juliana, ambaye hakumwambia hata Marieta, kwa sababu nisiyoijua.

Safari alikuja shuleni mchana mmoja kumwondoa Juliana, akasaidie kuchunga. Walimu wenzangu walikuwa wamekaa barazani. Akaniambia mbele yao, "Mwalimu, miaka saba mnamfundisha nini binti yangu hapa? Kuandika milio ya ndege?" Wakacheka. Mmoja akasema, "Mjibu basi, Mwingereza wetu!" Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni juzi, nina tai shingoni. Niliona aibu kali. Nikaingia darasani nikachukua daftari la Juliana, nikamwambia, "Kaa, mzee, nikuonyeshe anachojua."

Nilikuwa nimeshalisahihisha, kama nilivyokuambia. Lakini nilisahihisha koma. Nilitafuta herufi kubwa, vitenzi, nukta. Alichokuwa anasema mtoto sikukisoma. Niliandika vizuri sana chini ya kitu nisichokisoma.

Basi nikamsomea Safari kwa Kiingereza kwanza, apate kusikia kinavyopendeza, nikisimama kila penye nukta. Nikaona anavutiwa. Ndipo nikaanza kumtafsiria kwa Kiiraqw, sentensi moja moja, kwa sauti, ili na wale wa barazani wasikie. Ya kwanza ilisema, mama anadhani ninanenepa kwa maziwa. Safari akatabasamu. Ya pili ilisema, kila asubuhi ninajifunga kanga mbili tumboni, moja juu ya nyingine. Hapo, nikiitamka kwa lugha ya mama yangu, ndipo nilipoelewa.

Safari hakujua neno hata moja la Kiingereza. Daftari nililishika mimi peke yangu. Ningeweza kutunga chochote, kwamba ng'ombe amezaa, kwamba baridi imekuwa kali, naye angekwenda nyumbani akijivuna. Lakini wenzangu walikuwa wamenyamaza wananisikiliza, na hakuna aliyekuwa akicheka tena. Juliana alikuwa amesimama kwenye mlango wa darasa. Alinitazama akanitikisia kichwa, mara moja, taratibu, kuniambia hapana.

Nilimwona. Nikamtafsiria baba yake ya tatu.